Kivuli cha Mwembe wa Kwihara

Tatu binti Majidi alipigilia msumari ukutani siku ile ile kaka yake alipokubali kumchorea picha. Aliupigilia kwa mchi, maana nyundo haikuonekana, na chokaa ikamdondokea kichwani. Mfaume, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na kikombe cha chai, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Msumari kabla ya picha! Wewe utakuja kununua mbeleko kabla ya mimba."

"Nakujua, kaka. Bila msumari utanisahau. Mji mzima umeuandikia kuta, ukuta wa dada yako mtupu."

Hilo halikuwa neno la utani tu. Kwa miaka mingi, ukipita Tabora mjini na kusoma jina la bucha, la saluni, la duka la vitenge, ulikuwa unasoma mkono wa Mfaume Majidi. Herufi zake zilikuwa na tumbo na kiuno kama watu wanaokula wakashiba. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, kazi ya mchana kutwa ikawa inatoka kwa kubonyeza, na ndoo zake za rangi zikaanza kukaukia ndani. Mtu mwingine angefungua genge la mboga. Yeye aliwakusanya wenzake waliokuwa wamekosa kazi kama yeye, pamoja na walimu wawili watatu wa shule na yeyote mwenye hamu ya brashi, akawaambia, "Tumeandika kuta za watu vya kutosha. Twendeni nje tukaangalie nchi."

Ndivyo ilivyoanza warsha ya kuchora nje. Kila kiangazi, siku za Jumamosi, walikwenda upande wa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, ambako miembe mikubwa bado imesimama kwa mstari kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Watu wa Tabora wanajua miembe ile imetoka wapi. Wapagazi walikula embe wakitembea, wakatupa kokwa, na Mungu akazikubali. Babu mzaa babu wa Mfaume na Tatu alikuwa mmoja wao. Alibeba pembe za ndovu begani hadi pwani na kurudi. Hakuacha kaburi linalojulikana, ila kwao husemwa kwamba mwembe wa mwisho, ule uliogawanyika shina mara mbili, ni wake. Huo ndio mti ambao Tatu alitaka uwe ukutani mwake.

Tatu mwenyewe hakujua kuchora hata kikombe. Kazi yake kwenye warsha ilikuwa chai ya tangawizi, karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani, ambavyo wachoraji walivitafuna huku wamefinya jicho moja. Alikaa kwenye mkeka, akasikiliza. Kwa hiyo aliyajua mafundisho ya kaka yake kama mtu anavyojua sura anayoisikia msikitini kila siku bila kuisomea.

Mfaume hakuchora chenye roho. Sheikh wake alimwambia kitambo kwamba miti haina lawama, akaishika miti. Na alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: kivuli kwanza.

"Mti hauna haraka," aliwaambia. "Ulikuwepo, utakuwepo. Kivuli ndicho kina safari. Kishike kabla hakijaondoka, halafu mti utauweka kwa nafasi yako."

Ya pili: hakuna kugusa picha ya mwenzako. Mwalimu Julieth, binti wa Kisukuma aliyefundisha sekondari, aliwahi kumwomba amrekebishie tawi moja tu. Mfaume alificha mikono nyuma kama mtoto aliyefumaniwa akiiba sukari. "Mkono wa mtu ni wa mtu. Mimi nitakuambia, hutaniona nikigusa."

Mmoja tu ndiye aliyethubutu kuzifanyia mzaha kanuni hizo, naye ni Sabiri. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, reli ikamleta Tabora, akaoa huko huko, akawa anapamba mabasi kwa rangi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Sabiri aliufanya utani huo kama ibada.

"Mwangaluka, mpagazi!" alimsalimu Mfaume kila Jumamosi kwa Kinyamwezi chake kilichopinda. "Leo umebeba nini? Umeutua wapi mzigo wa babu yangu?"

"Babu yako alikuwa anatuuzia maji ya kunywa kwa shanga. Mzigo angeupata wapi?"

"Tazama picha yake, jamani! Njia ya misafara, haina hata mtu mmoja. Wanyamwezi wote wamekimbia mizigo."

Watu walicheka, Mfaume akatikisa brashi, kazi ikaendelea. Picha ya Tatu haikuanza. Kiangazi cha kwanza palikuwa na wanafunzi wapya wa kushikwa mkono. Kiangazi kilichofuata Mfaume alianza kusumbuliwa na kisukari. Kwenye ule msumari Tatu akatundika tasbihi yake ili usikae bure.

Ugonjwa uliingia machoni taratibu. Jicho la kulia lilitangulia. Daktari alieleza kwa upole kwamba damu imevuja nyuma yake na kilichopotea hakirudishwi. Kwa la kushoto alisema watajitahidi lisiharibike haraka. Walipotoka nje, Mfaume alisimama kwenye ngazi, akageuza kichwa kama kuku ili aione barabara vizuri.

"Tatu," alisema, "Jumamosi naanza picha yako."

Ilikuwa Juni, asubuhi yenye baridi ya Tabora inayomfanya mtu avae sweta na kulivua kabla ya saa nne. Tatu alimwongoza kwa kiwiko hadi mbele ya mwembe wa mashina mawili. Sabiri alisimamisha stendi ya kuchorea, akafunga kitambaa kwenye fremu, na siku hiyo hakutania. Mfaume alisogeza uso karibu na kitambaa hata pua ikakaribia rangi, akarudi nyuma, akasogea tena. Alichanganya buluu na udongo mwekundu, akaanza.

Tatu hakuwahi kuona kitu kama kile. Kivuli kilitandaa juu ya kitambaa kama maji yanayotafuta njia: kikavuka mchanga mweupe wa barabara, kikapanda kingo, kikapasuka kidogo pale matawi yalipoachia mwanga. Mtu angeweza kuhisi ubaridi wake. Lakini juu yake, mahali pa mti, kitambaa kilikuwa cheupe pe. Jua lilipanda. Kivuli cha kweli kikaanza kujivuta kuelekea kwenye shina.

Tatu aliona jinsi kaka yake alivyokuwa anafuta lile jicho kwa mgongo wa kiganja, tena na tena.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "leo ungeuweka na mti. Hata shina tu."

"Mti hauna haraka, Tatu."

"Najua. Lakini..."

"Lakini nini?"

Lakini wewe ndiwe mwenye safari. Maneno hayo yalimfika Tatu kwenye ulimi, yakakaa hapo. Dada mdogo anamwambiaje kaka yake mkubwa, mbele ya wanafunzi wake, kwamba kanuni yake inamtosha kila mtu isipokuwa yeye? Alimimina chai. Adhana ya adhuhuri ikasikika kwa mbali, wanaume wakatawadha kwa maji ya dumu, wakaswali mchangani. Mfaume aliposimama alitazama chini, akaona kivuli kimekuwa kidogo kama mkeka.

"Basi kwa leo," akasema, akafunga kopo. "Jumamosi ijayo, inshallah, tunaweka mti."

Jumamosi hiyo haikuwa yake. Kidonda kilitokea mguuni, kidogo kama punje ya mtama, kikakataa kupona. Akalazwa. Alipotolewa, jicho la kushoto nalo lilikuwa limefunga kazi. Tatu alimchukua nyumbani kwake, akamlaza chumba cha mbele, na picha akaiegemeza ukutani karibu na kitanda. Wakati mwingine alimkuta ameinyoshea mkono, anapitisha vidole juu ya kivuli pale rangi ilipokuwa nene, kisha vidole vinafika kwenye weupe na kusimama.

"Hapa ndipo shina linapoanzia," alimwambia siku moja. "Nalijua. Nikifumba macho naliona. Hata nikifumbua."

Wakacheka wote wawili, ila Tatu aliwahi kutoka chumbani.

Julieth alikuja kumtembelea. Kwa heshima zote, baada ya shikamoo na marahaba, akasema, "Mwalimu, ukiniruhusu, wewe useme na mimi niweke. Neno kwa neno, kama ulivyotufundisha."

Mfaume alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Usinikasirikie. Mkono wa mtu ni wa mtu."

Tatu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Alitaka kusema mimi ndiye mwenye ukuta, mimi naruhusu. Aliishia kumwekea uji kando ya kitanda. Usiku aliomba Mungu amrudishie kaka yake jicho moja kwa asubuhi moja. Aliona ni dua ndogo kwa Mwenye uwezo wote. Lakini Mungu hapangiwi, na mwezi wa Agosti, alfajiri, Mfaume alitangulia mbele ya haki huku dada yake akimtamkisha shahada sikioni.

Nyumba ilijaa. Maiti ikaoshwa, ikavishwa sanda, jeneza likaletwa. Wanaume walipolinyanyua kuelekea makaburini, Sabiri akajitupa kizingitini, akalala chali, miguu upande huu, kichwa upande ule.

"Hatoki!" alipiga kelele. "Mpagazi huyu hatoki! Mzigo wa babu yangu haujafika, yeye anataka kwenda kupumzika? Nani kamruhusu?"

Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka katikati ya kilio, kama utani unavyotaka. Sheikh aligeuza uso, akasubiri. Mjomba mmoja akatoa kuku ili apishe njia. Sabiri akasema kuku huyo ana kisukari. Wakatoa shuka, akasema linanuka Unyamwezi.

"Sasa unataka nini, Mzaramo?" mjomba akauliza.

Sabiri akainuka nusu, akaelekeza kidole chumba cha mbele. "Ile picha."

Kicheko kikakatika. Mtani hakataliwi msibani, wala hakasirikiwi. Anachokamata ni chake, na anayemnyima amewavunjia heshima waliokufa. Watu wote walimtazama. Angeweza kulia, lakini alikuwa tayari analia. Alikwenda chumbani, akaichukua, akaileta, akamkabidhi. Sabiri aliipokea bila kumtazama usoni, akapisha njia, na Mfaume akatoka.

Siku zilizofuata Tatu hakuwa na nguvu ya chochote. Aliomboleza, akasoma Yasini, akapokea wageni. Lakini kila alipoingia chumba cha mbele alikuta alama ya fremu kwenye vumbi la sakafu, na moyo wake ukamwuma mara mbili. Kaka alichukuliwa na Mwenyewe. Picha je, Sabiri kaichukulia nini? Jumamosi moja, kabla ya arobaini, alijifunga kanga, akatengeneza chai kwenye chupa kama zamani, akaenda Kwihara.

Aliwakuta. Walikuwa wachache, kila mtu na stendi yake, kimya. Sabiri alikuwa peke yake mbele ya mwembe wa mashina mawili, na mbele yake ile picha. Kivuli kilikuwepo. Juu yake kulikuwa kweupe.

"Mwangaluka, dada," Sabiri alisema. Hakuongeza utani.

"Umeichukua picha yangu."

"Nimeichukua." Alisugua mikono kwenye suruali. "Alikataza isiguswe. Julieth akiigusa ni utovu wa adabu. Wewe ukiigusa, umemwasi kaka yako. Lakini mtani hana adabu, dada. Mtani akivunja neno la marehemu, hakuna dhambi, ni utani. Nikasema nitaichukua kwa nguvu, nitaweka mti, nitakurudishia, na yeye huko aliko atanitukana tu kama kawaida."

Tatu alishusha kapu. Hasira aliyokuja nayo ilimtoka yote mara moja, akabaki hana hata cha kujishikilia. "Sasa mbona hujauweka?"

"Kila Jumamosi nachanganya rangi. Tazama." Juu ya kibao palikuwa na kahawia na kijani, zimeshaanza kushika utando. "Nanyanyua mkono. Halafu nakiona kile kivuli, nasema, nikiweka shina langu hapa, kivuli hiki kitakuwa cha nani?"

"Weka, Sabiri. Nakuomba."

"Nitajaribu."

Alichovya brashi. Alisogeza mkono hadi pale ambapo vidole vya Mfaume vilikuwa vinasimama. Mbele yao mwembe ulisimama mzima mzima, na mashina yake mawili, na majani yake yote, na maua yaliyokuwa yanaanza kumwaga harufu tamu hewani, na hapakuwa na njia ya kuutoa pale kuuleta hapa. Tone la kahawia likadondoka mchangani.

"Siwezi," alisema. "Mzaramo mzima, siwezi." Akaweka brashi chini, akajifunika uso kwa kofia.

Adhana ilisikika. Julieth, ambaye si Mwislamu, aliwamiminia chai wasiokwenda kuswali. Tatu aliswali kando, mchangani, na aliposujudu paji la uso wake lilikuwa kwenye kivuli kidogo kilichobaki.

Sabiri aliifungua picha kutoka kwenye stendi, akampa. Tatu akaifunga kwa kanga yake ya pili, akaibeba kichwani, mikono yote miwili juu, akarudi mjini kwa njia ile ile ya zamani, polepole kwa sababu ya jua.

Nyumbani alivua tasbihi kwenye msumari, akatundika picha. Ilikaa sawa. Barabara nyeupe, kivuli kirefu kinachovuka, na pale juu hakuna kitu. Alikaa chini akaitazama. Tasbihi ilikuwa bado mkononi mwake, na mahali pake pa kuitundika hapakuwepo tena, basi akaanza kuihesabu, punje kwa punje.