Mume wangu anasema mimi ndiye niliyevunja nguvu za timu yao

Kamwene wanyalukolo, ndugu zangu. Admin, jina langu usiliweke, Iyunga nzima wananijua. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, shule sikuingia hata kuchungulia, nasema tu huku jirani yangu anaandika. Mume wangu yupo, masikio yamechoka lakini mdomo mzima. Jumamosi vijana wa raga wanamwita wampe heshima mbele za watu kabla hawajasafiri kucheza nje ya nchi. Ameniambia nikae pembeni yake, maana atasimulia ile habari. Ile habari inanichoma tangu miaka ya sabini, na ni uongo.

Raga ni ule mpira wa yai, wanaukumbatia wanakimbia, wengine wanainama wanasukumana kama ng'ombe wa kwetu Usangu wakigombea maji. Mume wangu aliujulia kwenye mashamba ya chai Mufindi, mzungu mmoja ndiye aliwafundisha. Mie nilikuwa kwa mama yangu kule Rujewa, nimetoka kumzaa Tumaini, kichwa chake kikubwa hicho, nilipata tabu! Haya, hayo tuyaache.

Yakaja mashindano hapa Mbeya, Wamalawi wamekuja, Wazambia wamekuja. Wetu wakawapiga Wamalawi, basi kifua mbele, mji unaimba. Wakawekwa kambini kungoja Wazambia, mke marufuku kukanyaga, ati mwanamke anakausha nguvu. Mara dereva wa lori la mpunga ananiambia, "Mumeo anasema uje upesi na mafuta ya nyonyo, usimwambie mtu." Nikapanda, mtoto mgongoni. Pale Igawa dereva anashuka kununua mahindi ya kuchoma, anachagua kama anachagua mchumba, mie roho iko juu.

Nikamkuta nyuma ya jiko la kambi, alasiri hiyo. Shati hawezi kuvua. Bega limevimba kama boga.

"Baba Tumaini, kamwambie mwalimu wenu."

"Nyamaza. Wale vijana wanaingia kwa sababu wananiona mimi mbele. Wakijua nimeumia, mioyo inaanguka kabla ya filimbi. Wazambia watatula."

"Ukivunjika shingo, huyu mtoto nimlee na nani?"

"Chua, mwanamke. Chua."

Nikachua huku nalia. Kingine hakuna, Mungu ananiona. Natoka tu, wenzake hao wananicheka: "Heee, shemeji! Wali wa Rujewa umejileta wenyewe!"

Kesho yake walivyosukumana mara ya kwanza tu, upande wake ukabonyea. Hakulia, alimeza. Wenzake wakamtazama, wakatazamana, na hapo nikaona watu wanakufa wamesimama. Mpira unawatoka mikononi kama sabuni. Wazambia walifunga mpaka nikaacha kutazama.

Mchezo ulipoisha hawakumfuata yeye, walinifuata mimi. "Shemeji, umetumaliza! Tulikuja na nguvu za simba, wewe umezinywa kwa kijiko!" Nikamtazama mume wangu, nikangoja aseme. Akainama akafungua kamba za viatu.

Toka hapo jina langu likawa Mvunja Kambi. Mama mkwe kule Iringa aliacha kuniitikia salamu mpaka anaingia kaburini. Mume wangu ndani ananiambia, "Vumilia, wakijua nilificha hawataniamini tena." Mwaka ukapita, mingine ikapita, akaanza kuisimulia mwenyewe kwa kucheka, ati mimi ndiye niliyewamaliza. Sasa hivi nadhani ameshaiamini.

Ningenyamaza nife nayo, lakini juzi amewasimulia hawa vijana, na mmoja akamfukuza mkewe kwenye geti la kambi, na tumbo lake la mimba. Binti huyo kapita hapa kwangu analia, "Bibi, mumeo ndiye amewaambia sisi ni mkosi." Nilikosa pa kuficha uso.

Jioni nikamwambia, "Baba Tumaini, safari hii sema kweli."

Akanitazama sana. "Mama Tumaini, mimi nimebakiwa na hilo tu. Unataka wanizike na nini?"

Wanangu, moyo wake mbovu, daktari amekataza kumshtua. Nikisema, namvua nguo mzee wangu mbele ya watu wanaompenda. Nikikaa kimya, yule binti na wenzake wataitwa mkosi, na mimi nitakufa Mvunja Kambi. Kitenge nimeshapiga pasi. Nishaurini, Jumamosi akianza kusimulia, nitabasamu kama siku zote, au ninyanyuke?