Mjomba wa Bigwa

Mwinjuma aliondoka Bigwa akiwa na miaka thelathini na tisa. Alimwambia dada yake, Mwanahawa, kwamba anakwenda Kisaki kupasua mbao, miezi minne tu atakuwa amerudi. Huko akaoa mjane mwenye shamba la mpunga, na miaka ishirini na tatu ikakatika. Mwaka huu mke wake alifariki, na watoto wa yule mke wakagawana shamba bila hata kumwita. Ndipo alipofunga mzigo wake arudi kwao akazeekee huko.

Alipofika Bigwa hakupatambua. Njia ya kushukia kijitoni, iliyokuwa ikipita katikati ya migomba, ilikuwa imetandazwa matofali, na kila upande ni ukuta wenye vipande vya chupa juu. Alizunguka mara tatu huku mbwa wakimbwekea nyuma ya mageti. Mwishowe akamwona mama mmoja amepanga karoti na kabichi chini, pembeni ya geti jekundu. Alikuwa Agnes, jirani yao wa zamani.

"Agnes, nyumba ya dada iko wapi?"

Agnes alimkazia macho. "Mwinjuma? Ndiyo hapo ulipoegemea."

Alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba ya kulala wageni.

"Na makaburi yetu?"

"Yalihamishwa. Kamuulize Yasmin, kapanga chumba kule juu, nyumba ya tatu."

Yasmin alikuwa mtoto pekee wa Mwanahawa. Mwinjuma alipanda kile kilima akiwa amevimba kwa hasira. Yeye ndiye mjomba, na kwa Waluguru mali ya ukoo haiguswi mjomba asipoketi kikaoni. Maneno yote aliyapanga njiani.

"Shikamoo, mjomba," Yasmin alisema. Alimpokea mzigo, akamnawisha mikono, akampakulia ugali na mchicha. Heshima zote alimpa, ila hakutabasamu hata mara moja.

"Mmeuza ardhi ya bibi yako bila mimi!"

"Mama alilala kitandani miezi saba, mjomba. Alikuulizia mpaka akaacha kukuulizia. Siku aliyofariki nilikupigia, tukakungoja siku mbili. Ulisema mvua imekata barabara."

Mwinjuma aliikumbuka simu ile. Ilikuwa Julai, jua kali, mpunga umelala kwenye turubai unasubiri kupepetwa. Mvua haikuwapo.

"Matibabu yalikuwa yametumaliza," Yasmin aliendelea. "Ukoo ukaketi, ukakubali tuuze. Nikakupigia tena siku ya kuhamisha makaburi. Hukupokea."

Mwinjuma aliurudisha mkono kutoka kwenye sahani. Ugali ulipoa mbele yake.

"Jumamosi wanakuja watu kumposa Rehema," Yasmin alisema alipokuwa akitoa vyombo. Rehema alikuwa binti yake mkubwa.

Mwinjuma alijiweka sawa kwenye kiti. "Basi nimekuja wakati mzuri. Nitawapokea."

"Anawapokea mjomba Elia."

Elia alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Mwinjuma na Mwanahawa. Zamani alikuwa akitumwa na Mwinjuma kuleta maji.

"Elia ndiye aliyemuuguza... ndiye aliyesimamia mazishi ya mama," Yasmin alisema polepole. "Lakini na wewe karibu. Chakula kitakuwapo."

Mwinjuma alilala kwa Agnes, chumba cha kuhifadhia mboga, na Jumamosi akaenda. Mkeka wa wazee ulikuwa umejaa. Elia alikuwa katikati, kanzu imenyooka, akizungumza na wageni kwa sauti ya mtu mwenye nyumba. Alimwona Mwinjuma mlangoni, akampa mkono, akarudi kwenye mazungumzo. Hakuna aliyesogea. Mwinjuma akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na wanawake waliokuwa wakipakua pilau.

Mmoja wa wageni, mzee wa upande wa bwana harusi, alimwona peke yake kule, akauliza kwa adabu, "Na mzee yule ni nani wa binti?"

Elia alifikiri kidogo.

"Ni ndugu yetu," alisema. "Anaishi Kisaki."

Mwinjuma alipokea sahani aliyopewa, akala.