Nilifunga intaneti na simu kwa baba mkwe juu ya Makumira, ikagoma siku ya posa yangu mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Chumvi siwezi kuongeza hata nikitaka, maana mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, na ameshanisahihisha mara mbili kabla sijafika popote.

Ni ndefu kidogo. Jimiminie chai kwanza.

Ilikuwa miaka ile kampuni binafsi za simu na intaneti zilipoanza kuchipuka, Arusha mjini kila ukigeuka unakuta internet cafe mpya. Mimi nilikuwa fundi kwenye kampuni moja ndogo, tunafunga intaneti isiyo na waya maofisini na majumbani. Nilipanga chumba Moshono. Kwetu ni Machame. Mchumba wangu, Aneth, ni Mmeru, na kwao ni juu ya Makumira. Unaacha lami, unapanda kuelekea mlimani, unaingia kwenye kahawa na migomba mpaka unasahau kama kuna mji.

Baba yake, Mzee Mbise, ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Nilipoenda kujitambulisha akaniuliza kazi yangu. Nikamweleza kwa utulivu, jinsi intaneti inavyopita hewani bila waya.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua ninyi Wachaga mnauza kila kitu," akasema. "Sikujua mmeshafika kwenye upepo."

Sasa sikieni tatizo lilipokuwa.

Katika nyumba ile binti haposwi bila kauli ya mjomba, yaani kaka wa mama yake. Na mjomba alikuwa Ujerumani masomoni, bado miaka miwili arudi. Nikapendekeza aandike barua. Mzee akakataa.

"Barua huwezi kuiuliza swali."

Simu ya mezani? Nguzo za simu ziliishia huko chini barabara kuu. Simu za mkononi zilikuwepo, ila pale kwa Mzee mtandao ulipatikana ukisimama juu ya jiwe moja njiani, uso umeelekea Kikatiti. Na wazee walitaka wote wamsikie mjomba kwa pamoja, wamekaa kwenye viti. Jiwe lile halitoshi watu wawili.

Nikajitosa. Nikamwambia Mzee kwamba naweza kumfungia gateway hapo hapo sebuleni, itoe intaneti na simu, na mjomba atasikika kwa spika.

Mzee akafikiri.

"Sawa. Siku ya posa shemeji yangu atasema kupitia chombo chako. Kikikaa kimya, na sisi tutakaa kimya mpaka arudi mwenyewe."

Miaka miwili, wakuu. Nilitoka pale nikitabasamu, huku nikihesabu miezi.

Kwa wale wasioijua gateway, msiogope, ni kitu rahisi. Fikiria geti la nyumba. Kila kinachotoka nje kinapita hapo, kisha kinaelekezwa ndani: hiki kiende kwenye kompyuta, hiki kiende kwenye simu. Sauti yako inakatwa vipande vidogo, inatumwa kupitia intaneti, inaunganishwa upande wa pili. Ndiyo maana inachelewa kidogo. Unasema "haloo", unahesabu moja, mbili, ndipo unajibiwa.

Nje inakaa antena. Nayo ina sharti moja tu: ni lazima iuone mnara. Isiuone kwa kubahatisha, iuone kama wewe unavyomwona jirani ukichungulia dirishani. Mnara wetu ulikuwa chini huko upande wa Usa River.

Nikapanda na vifaa Jumamosi moja. Nikaweka mlingoti kwenye kona ya nyumba, antena juu, nikauona mnara kule chini, kweupe kabisa. Nikavuta waya mpaka sebuleni, nikaweka kisanduku juu ya kabati, nikachomeka simu ya mezani. Taa tatu: umeme, intaneti, simu. Zote kijani.

Tukampigia mjomba. Akapokea! Mama Aneth alipomsikia kaka yake alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nikajiona mhandisi wa dunia.

Nilipogeuka, kisanduku kilikuwa kimeshafunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua ya njano, sawasawa na redio na televisheni. Nikaeleza taratibu kwamba kinahitaji hewa. Mama akanielewa, akakitoa. Nilipokuwa namaliza chai nikaona kimerudi.

Lakini kosa halikuwa kitambaa. Mimi pia nilidhani ndicho.

Kabla sijaondoka Mzee akachomoa umeme wa kile kisanduku.

"Kipumzike mpaka siku yenyewe," akasema. "Kisije kikachoka kabla ya kazi."

Mimi, badala ya kumweleza kwamba vitu hivi havichoki, nikasema "Ndiyo, Mzee." Nani anabishana na mtu ambaye unataka kumwoa binti yake? Kwa hiyo karibu mwezi mzima kisanduku kililala chini ya maua ya njano, hakuna aliyekijaribu.

Siku ya posa ikafika. Masika yalikuwa yameshaanza, kuna manyunyu. Sisi tumetoka Machame na Baba Mkubwa ndiye msemaji wetu, tuna pombe ya mbege, tuna kila kinachotakiwa. Mimi nimevaa suti ya kaka yangu.

Wazee wakapangwa sebuleni. Simu imewekwa katikati ya meza kama keki. Mzee Mbise akasali, akachomeka umeme mwenyewe, akaketi.

Taa ya umeme, kijani. Taa ya intaneti, nyekundu. Taa ya simu, haiwaki kabisa.

Nikasema kinawaka taratibu. Tukasubiri. Mzee akanyanyua mkono wa simu akausikiliza, akampa aliyemfuata kwa umri, naye akampa mwingine. Ukazunguka chumba chote kwa heshima, kila mtu akiusikiliza kwa zamu yake, wadogo wakitanguliza shikamoo.

Babu mmoja, mdogo wake marehemu babu yake Aneth, akasema, "Yuko. Anapumua."

"Huo ni mvumo wa waya, babu," nikasema.

"Shikamoo haijaitikiwa," Mzee Mbise akasema. "Aliye hai anaitikia shikamoo."

Nikazima, nikawasha. Nikatoa kitambaa. Nikakagua waya wote kwa magoti, kutoka sebuleni mpaka nje, wazee wakinitazama kama wanatazama mechi. Baba Mkubwa akaniinamia sikioni.

"Kijana, hii si ndiyo kazi unayolipwa mjini?"

Nikaomba ngazi. Nikapanda na suti yangu ya kuazima mpaka kwenye antena, nikatazama upande wa mnara.

Hakukuwa na mnara.

Kulikuwa na majani ya migomba. Mapana, mabichi, yanadondosha maji, yamesimama mbele ya antena kama ukuta. Na jani lenye maji, wakuu, linameza signal hasa.

Lakini yalitoka wapi? Mimi niliona kweupe kwa macho yangu!

Nikashuka nikaenda jikoni nyuma, ambako Mama Aneth na akina mama wengine walikuwa wanapika loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa mgando. Najua mkwe mtarajiwa hana kazi jikoni siku hiyo. Wote wakageuka kunitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea?"

"Mama, naomba kuuliza. Ile migomba ya upande wa chini, mbona siku ile haikuwa na majani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini jua linazama.

"Si nilikuwa nimeyakata, ng'ombe wakala. Nakata upande wa chini, halafu naupumzisha. Nahamia wa juu. Sasa hivi ni zamu ya juu."

Wakuu, kumbe hilo ndilo jibu lote. Nimesoma mambo ya mawimbi, nimepima nyuzi za antena kwa dira, na nikasahau kitu ambacho kila mtoto wa mlimani anakijua, mimi mwenyewe wa Machame nikiwemo: mgomba ni chakula cha ng'ombe, na unakatwa kwa zamu. Nilifunga antena siku upande wa chini umenyolewa. Mwezi mmoja na mvua, ukaota nywele.

Nikamwomba aniruhusu nikate majani machache tu. Nilijua naomba jambo zito. Migomba ile ni ya mama, hata Mzee haigusi bila kusema.

"Wewe umekuja kuchukua binti au majani?" akauliza mama mmoja mwenye mwiko. Jiko zima likacheka.

Mama Aneth hakucheka. Akafuta mikono, akaniletea panga.

"Kata. Usiguse wenye mkungu. Na majani hayaachwi chini, hapa kwangu hakikatwi kitu kikatupwa. Ukimaliza wapelekee ng'ombe."

Basi nikakata. Utomvu wa mgomba ukinidondokea kwenye suti ya kaka, na mnaoujua utomvu huo mnajua kwamba hautoki mpaka kiyama. Nikafunga mzigo, nikajitwika kichwani. Njia ya kwenda bandani ilikuwa moja tu, inapita mbele ya dirisha la sebule.

Pande zote mbili ziliniona. Bwana harusi mtarajiwa, tai shingoni, majani kichwani.

Nikamsikia Baba Mkubwa kutoka ndani: "Jamani, sisi tumekuja kuposa. Huyu mmeshamwajiri?"

Nilipita mara tatu. Safari ya tatu Aneth alikuwa mlangoni kwa shangazi yake, amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Nikarudi sebuleni nikinuka mgomba. Taa ya intaneti ikacheza nyekundu, ikacheza, ikatulia kijani. Ya simu ikafuata. Nikapiga namba kwa kidole kinachonata.

Ikaita. Moja, mbili.

"Haloo?"

Chumba kizima kikasema shikamoo kwa pamoja, hata waliomzidi umri. Sauti ikachelewa, kila mtu akadhani hajasikika, wakarudia, na marahaba ya kwanza ikagongana na shikamoo ya pili. Ilichukua muda kuwatuliza.

Mzee Mbise akaeleza habari ya ugeni. Mjomba akauliza ukoo, akauliza kanisa, akauliza afya. Kisha akauliza lile swali ambalo barua isingeweza kuuliza.

"Shemeji, huyo kijana ana bidii ya kazi, au ana suti tu?"

Mzee akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, ambako bado kulikuwa na kipande cha jani. Akafungua mdomo ajibu. Hakuwahi. Mama Aneth alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na ndiye aliyemjibu kaka yake kwa sauti ya kuvuka bahari bila antena:

"Ng'ombe wameshiba!"

Moja. Mbili.

Kutoka Ujerumani tukasikia kicheko, kisha, "Basi mpeni."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kabla hujafunga chombo chochote kwa mtu, usiulize umeme na waya tu. Uliza wanaishije, nani anakata nini, na lini. Mwenye jibu huenda yuko jikoni na hakuna aliyemwuliza. Na kama wewe ni fundi kijana na kazi imekugomea mbele za watu, usione aibu kuuliza swali la kijinga. Mimi langu lilinipa mke.

Wiki iliyofuata nilirefusha mlingoti. Suti nilimnunulia kaka nyingine.

Mafundi wenzangu wa simu, maji, umeme, na wengine wote mliowahi kuumbuka ukweni: uwanja ni wenu. Msinicheke peke yangu.