Taa za Gari Jipya

Ngumi ya kwanza ilipigwa kwa sababu ya taa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Levolosi, mahali ninaposhona viti vya magari, ubavuni mwa sehemu ya kuoshea. Mfanyabiashara mmoja wa Kimandolu, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, aliingia na gari ambalo wote tulikuwa tumeliona kwenye simu tu. Si shangingi lile kubwa la viongozi, ni mdogo wake, gari la kati la njia mbaya, lakini toleo jipya. Lililotangulia lilikuwa limeviringika kama sabuni iliyotumika. Hili walikuwa wamelichonga upya likawa boksi, bapa mbele, bapa nyuma, na taa mbili za duara kama magari ya zamani.

Watu waliacha ndoo zao. Kila mmoja akawa na neno.

"Sasa gari limerudi kuwa gari," mmoja akasema.

"Injini wamepunguza. Mitungi minne! Itapanda mlima gani?"

"Mitungi minne yenye tabo, mjinga wewe. Inavuta kuliko ile ya zamani."

"Na kompyuta ikifa porini utamwita nani? Nyani?"

Wakalala chini kuangalia difu. Wakafungua kioo cha nyuma, kinafunguka peke yake bila mlango, wakakifunga, wakakifungua tena. Mwenye gari alisimama mikono kiunoni, akifurahi.

Kaka yangu alikuwa ameegemea gari lake upande wa pili. Yeye hupeleka watalii mbugani. Gari lake ni la zamani, lilikatwa na kurefushwa na mafundi wa hapa hapa Arusha, na paa lake huinuliwa ili wageni wasimame kutazama wanyama. Tangu baba afariki, gari hilo ndilo lililokuwa linatulisha nyumbani, na kaka hakuwahi kumpa mtu mwingine usukani.

"Taa gani hizo?" akasema. "Kama bibi aliyevaa miwani ya mjukuu."

Watu wakacheka. Mwenye gari hakucheka.

"Rudia."

"Bibi. Miwani ya mjukuu."

Ngumi ilimpata kaka mdomoni. Hakurudi nyuma. Alimshika yule mtu shati, akampiga kichwa cha pua, nikasikia pua inalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Wakaanguka wote wawili kwenye maji ya sabuni, wakagaragazana, huyu anamkaba huyu, huyu anamng'ata huyu sikio. Watu waliwatenganisha kwa kuwamwagia ndoo. Povu lililokwenda mtaroni lilikuwa la rangi ya waridi.

Mwenye gari alikuwa ameshika pua. "Kesho," akasema. "Baada ya kanisa. Mgongo kwa mgongo."

Mgongo kwa mgongo ni magari mawili kufungwa waya nyuma kwa nyuma, kila moja livute kwenda kwake. Litakaloburutwa limeshindwa.

"Kesho," kaka akajibu, akatema damu.

Tulikutana juu ya kijiji cha Maji ya Chai, kwenye uwanja ulio kando ya korongo. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani na udongo ulikuwa mweusi, unateleza. Watu walikuja wengi, wengine na nguo za ibada, wanakula mahindi ya kuchoma, wanabishana kabla hata magari hayajafungwa. Wazee walikuwa upande wa kaka. Vijana walikuwa upande wa gari jipya.

Waya ulikuwa wa kaka, waya wa chuma wenye ndoano kila upande, umeshaanza kuliwa na kutu. Madereva wa mbugani wana desturi moja. Kabla ya kuvuta gari lililokwama, hulaza kitu kizito katikati ya waya, gunia lililoloweshwa au shuka iliyokunjwa. Waya ukikatika au ndoano ikichomoka, kitu kile huuangusha waya chini, usiruke. Kaka alitumia shuka nyekundu ya marehemu baba. Sikuwahi kumwona akivuta bila hiyo. Siku hiyo pia aliichovya kwenye dimbwi, akaikunja, akailaza juu ya waya.

Kijana mmoja akapiga kelele, "Dereva, unamfunika mtoto asipigwe na baridi?"

"Mwache, yero! Gari lake linaona aibu!"

Mwenye gari, pua imevimba kama kiazi, akatoa kichwa dirishani. "Funika, funika. Hata maiti hufunikwa."

Kaka alikuwa ameshafungua mlango wa gari lake. Akageuka. Akarudi, akaivuta ile shuka na kunirushia kifuani, maji yakanitiririka tumboni.

"Kaka, irudishe," nikamwambia.

"Shika hapo, dogo."

Wakawasha. Gari la kaka lilitoa moshi mweusi, likapiga kelele, magurudumu yakachimba. Gari jipya halikupiga kelele. Lilikuwa linatoa mlio mdogo, kr-kr-kr, kompyuta inakamata gurudumu linaloteleza na kuliachia. Waya ulikaza mpaka ukaimba. Likaburutwa jipya kidogo, wazee wakashangilia. Kisha likakamata udongo, likaanza kumrudisha kaka, na vijana wakaruka juu. Kaka akainama upande wa kushoto, kati ya viti viwili, ageuke aone nyuma.

Ndoano ikachomoka upande wa gari jipya.

Sikuona ndoano ikiruka. Niliona kioo cha nyuma cha kaka kikitoweka. Gari lake, likiwa halina tena cha kulishika, liliruka mbele na kutumbukiza magurudumu mawili korongoni. Nilipofika, kaka alikuwa amelala kifudifudi kati ya viti. Ndoano ilikuwa imepita sehemu wageni wanapokaa, imechana kiti nilichokishona mwenyewe, na kumvunja bega la kushoto. Mfupa ulikuwa nje, mweupe. Alikuwa anauma mpira wa sakafuni.

Nyuma yangu mtu akasema, "Ameua!"

Wakamvamia mwenye gari jipya. Walimtoa kupitia dirishani, shati lake la kanisani likabaki kwenye kioo. Walimpiga mikanda, mateke, mmoja akampiga na mpini wa jembe mgongoni. Jiwe likapasua taa moja ya duara. Wazee wale wale waliokuwa wanakula mahindi walikuwa wanamkanyaga mikono.

Nilipiga kelele. "Mwacheni! Nani ataendesha?"

Sijawahi kusema kwa sauti namna ile mbele ya watu. Wakasimama. Gari la kaka lilikuwa korongoni, na hilo jingine hakuna aliyejua linawashwaje.

Mwenye gari aliendesha jicho moja likiwa limefumba. Kaka alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu, nami nikimkandamizia shuka ya baba begani. Damu ilipita kwenye shuka ikaingia kitini. Njia ya kushukia barabarani ilikuwa mashimo matupu.

"Linarusha nyuma," kaka akasema.

"Halirushi. Ni njia," mwenye gari akajibu.

"Njia naijua. Linarusha."

"Bwana wee, nyamaza usinifie kwenye kiti changu!"

"Na kiti chenyewe kigumu."

Hospitali walimwekea vyuma. Daktari alituambia mkono utashika kikombe, lakini hautasukuma kitu kwa nguvu tena. Gari la kaka ni la gia ya mkono, na gia iko kushoto.

Kidonda cha bega kilipofunga, mwenye gari jipya alikuja Levolosi nimbadilishie kitambaa cha kiti. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye sponji. Nilikitoa kiti, nikaanza kukikwangua. Gari la kaka lilikuwa limesimama ukutani. Tulikuwa tumelivuta kutoka korongoni, na kila siku kaka alikuja kukaa ndani yake.

Mwenye gari alimwendea. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku ile.

"Langu halina gia ya mkono," akasema. "Panda."

Watu waliacha ndoo zao. Kaka alipanda, akaondoka kwa mkono mmoja, akazunguka mitaa, akarudi. Alizima, akashuka.

"Haya, sema," mwenye gari akamwambia.

Kaka alizunguka mbele. Taa moja ilikuwa mpya, nyingine ya zamani.

"Linakwenda vizuri," akasema, kama mtu anayetema jino. "Taa mbaya."

Watu wakaangua kicheko, na mwenye gari akacheka kuliko wote. Kaka akaenda kwenye gari lake, akaketi, akaweka mkono wa kushoto kwenye gia. Gia haikusogea. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. Kicheko kikaisha. Akaokota spana ya magurudumu kwa mkono wa kulia, akaanza kuipiga ile gia, anapiga, anapiga, chuma kwa chuma, mpaka kichwa cha gia kikaruka nje dirishani.

Wawili walitaka kwenda kumshika. Mwenye gari jipya akanyoosha mkono kuwazuia.

"Mwacheni," akasema.