Kiti cha Daktari Mwongeli

Mimi nyoka nimechonga mpaka nyoka wenyewe wamenichoka. Kila mwaka chuo cha udaktari cha kule mjini Machakos huniagiza nyoka wawili wa mti, kila mmoja amejizungusha kwenye fimbo. Mmoja ni wa daktari aliyefanya utafiti bora, mwingine ni wa daktari aliyefundisha vizuri kuwashinda wenzake. Sijui ni nani aliwaambia madaktari kwamba nyoka ni rafiki yao. Huku kwetu Mwala ukimwona nyoka unatafuta jiwe. Lakini mteja ni mteja, nami huchukua gogo la mti wa mukau, nikashika tezo, nikaanza.

Jina langu ni Ndambuki. Kuchonga nilifundishwa na baba, naye alifundishwa na babake, na sote watatu mkono wa kulia ulituuma kabla hatujazeeka. Wangu ulianza baada ya kushinda kwenye maonyesho ya kilimo, nikavishwa utepe mwekundu wa fundi bora. Utepe ule! Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mteja hapana. Fundi bora atakataaje kazi? Saa hii hata kikombe cha chai nakishika kwa mkono wa kushoto.

Raha ya kazi hii ya nyoka ni moja tu: jina la mshindi nalijua kabla yake, maana mimi ndiye ninayelichonga kwenye kitako cha fimbo. Na wacha nikwambie ukweli, kila mwaka simu ya chuo ikilia moyo wangu huruka, kwa sababu binti yangu anafundisha hapo. Daktari Mwongeli. Nilimpa jina la mama yangu, ndiyo maana namwita Mwaitu, yaani mama, tangu akibebwa mgongoni. Anatibu watoto, na anafundisha wale wanaotaka kuwatibu watoto. Wodi nzima iko juu yake. Asubuhi anazunguka na wanafunzi kitanda kwa kitanda, mchana anatibu, jioni anazunguka tena. Mwenzake waliyekuwa wakisaidiana naye alienda ng'ambo, na mpaka leo hawajaleta mwingine. Kila akiomba anaambiwa, vumilia kidogo, Daktari, tunashughulikia. Wamekuwa wakishughulikia mpaka nywele zake zimeanza kuota mvi.

Na kila mwaka nilichonga jina la mtu mwingine. Nilikasirika, sikatai. Kuna mwaka nilimchonga nyoka akiwa amekonda makusudi.

Mwaka huu Phyllis, katibu wa mkuu wa chuo, alinipigia nikiwa kwenye kibanda changu cha kazi.

"Mzee, habari ya huko? Niko na majina. La utafiti ni Daktari Musembi, yule amechunguza watu wanaoumwa na nyoka."

"Huyo nyoka ni haki yake," nikasema.

"Na la kufundisha..." Akacheka. "Mzee, shikilia kitu. Ni Daktari Mwongeli Ndambuki. Lakini usimwambie! Mkuu anataka ashtuke mbele ya watu."

Aiya! Tezo niliitupa chini. Nilikimbia jikoni kwa Kasiva, mke wangu, nikamshika mabega nikamzungusha pamoja na mwiko wake. Phyllis alisema nisimwambie Mwongeli. Mama yake hakumtaja. Nilidhani Kasiva atapiga vigelegele mpaka jirani waje. Alisikiliza, akarudi kukoroga mahindi yake ya muthokoi.

"Ulimwona Krismasi?" akaniuliza.

Nilimwona. Alikuja akiwa amechelewa, akapakuliwa chakula, na nilipogeuka nilimkuta amelala akiwa amesimama. Amesimama, nakwambia! Ameegemea mlango, sahani mkononi, mdomo wazi. Wajomba walicheka, wakasema hayo ndiyo madhara ya kusoma sana. Nami nilicheka pamoja nao.

"Ni kazi," nikamwambia Kasiva. "Kazi ngumu ndiyo inampa tuzo."

"Haya," akasema Kasiva. Na Kasiva akisema haya namna ile, ujue hakuna haya yoyote.

Jumapili iliyofuata Mwongeli alikuja nyumbani. Hakuingia ndani. Alikuja moja kwa moja kibandani, akasimama kando yangu kama alivyozoea akiwa mdogo, alipokuwa akinishikia gogo lisiteleze. Nilikuwa nimefunika fimbo kwa gunia asione jina lake. Macho yake yalikuwa mekundu, na viatu vilikuwa vimemwachia alama kwenye miguu iliyovimba.

"Baba," akasema, "nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko kwa mkoba. Kila Jumatatu naenda nayo, kila Ijumaa narudi nayo."

"Kwa nini, Mwaitu? Si unapenda kufundisha?"

"Napenda. Hiyo ndiyo shida." Alifuta uso kwa kiganja. "Juzi nilisimama mbele ya mama mmoja, mtoto wake nimemtibu wiki nzima, nikasahau kama ni wa kike ama wa kiume. Mwanafunzi wangu ndiye alinikumbusha. Leo nimesahau hiyo. Kesho nitasahau dawa. Nikiendelea hivi, Baba, nitaua mtoto wa mtu."

Akaanza kulia, bila sauti. Mimi mkono wangu ulikuwa juu ya gunia, na chini ya gunia kulikuwa na jina lake, nimeshafika kwenye herufi ya mwisho. Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia, ngoja kidogo mama, usiwe na haraka, wamekuona! Baada ya miaka yote hiyo wamekuona! Nilikuwa na hakika kwamba nikisema hivyo, barua ile itabaki mkobani na haitatoka tena.

Nikasema naenda kunywa maji. Kasiva alikuwa amesimama nyuma ya kibanda, amesikia yote.

"Ukimwambia, atabaki," akasema.

"Si hiyo ndiyo nataka? Apate heshima yake!"

"Ndambuki, hebu tazama mkono wako." Nikautazama. Ulikuwa unatetemeka peke yake, kama kawaida. "Ule utepe wako mwekundu uko wapi?"

Nilikuwa sijui. Labda panya waliula.

"Wewe hapo kibandani huchongi tuzo," akasema Kasiva. "Unamchongea mtoto wangu pingu. Wamemnyima mtu wa kumsaidia, sasa wanamletea mti. Akishaushika mbele ya watu, ataanzaje kusema amechoka?"

Mimi na Kasiva tumegombana mambo mengi, na mengi nilishinda, au alinyamaza nikadhani nimeshinda. Hili alilishinda yeye. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa akisema kweli. Nilirudi kibandani, nikamkuta Mwongeli amelala tena kwa kusimama, paji la uso ameliegemeza kwenye nguzo.

Nikamgusa bega. "Mwaitu, peleka barua kesho."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi, kabla hujaingia wodini. Usiniulize. Mimi ni baba yako."

Nadhani alitarajia nimkemee, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuacha kazi ya kalamu. Akatikisa kichwa kukubali. Jumatatu alinipigia akaniambia ameipeleka, na mkuu ameipokea bila kusema neno. Mwisho wa mwezi atakuwa ametoka.

Siku hiyo hiyo nilichukua ile fimbo yenye jina lake nikaiweka kwenye moto wa Kasiva. Ilishika vizuri, mukau ni mti mzuri hata kwa kuni. Kisha nikatafuta kipande kingine, kipana, nikaanza kuchonga kiti.

Namaanisha kile kiti chetu cha Wakamba, cha miguu mitatu, kinachochongwa kwa gogo moja bila msumari. Wazee wetu walipotaka kumheshimu mtu hawakumpa kitu cha kuweka kabatini kikusanye vumbi. Walimpa mahali pa kukaa. Kiti kile kilikuwa cha wazee wa kiume, najua, usinifundishe. Wazee hao wengi wameshakufa, na waliobaki sioni walichomfundisha mtu. Nilichonga polepole, nikapumzika mkono uliponiuma, nikapiga msasa, nikakipaka rangi ya viatu mpaka kikang'aa. Jina nililiweka chini, upande usioonekana ukikikalia.

Siku ya sherehe mimi na Kasiva tulienda tukiwa tumevaa nguo za kanisani. Hema lilikuwa limejaa wanafunzi waliovaa makoti meupe. Phyllis alipofungua gunia langu nusura azimie.

"Mzee, hii ni nini? Nyoka wa pili yuko wapi?"

"Ametoroka," nikamwambia. "Nyoka ni nyoka."

Hakukuwa na wakati wa kubishana. Daktari Musembi aliitwa, akapokea nyoka wake akitabasamu, naye huyo nilimchonga kwa roho safi, mnene, mwenye magamba yote. Kisha mkuu, Profesa Gikonyo, akashika kipaza sauti. Ni mtu mwenye maneno matamu, na yeye mwenyewe ni daktari wa watoto, ingawa miaka mingi sasa anatibu makaratasi ya ofisini. Akamsifu mwalimu asiyechoka, asiyelalamika, anayesimama na wanafunzi toka asubuhi hadi jioni. Kasiva alinifinya paja. Jina lilipotajwa, hema lilivuma. Mwongeli alipanda jukwaani kama mtu aliyeamshwa. Hakuwa anajua, masikini. Alinitafuta kwa macho, na nilijua sasa ameelewa kwa nini nilimharakisha.

"Kuna uvumi kwamba Daktari wetu anataka kutuacha," Profesa akasema, akicheka. "Wanafunzi, mtakubali?"

"Hapanaaa!"

"Haendi mahali! Si ndiyo?"

"Ndiyooo!"

Yule bwana alikuwa na barua mezani kwake, na bado alisema hivyo. Niliona aibu kwa niaba yake. Mwongeli alikuwa ameanza kutabasamu lile tabasamu la mtu asiyeweza kukataa. Nalijua, ni langu. Nikajisemea, basi, wamempata.

Phyllis akaleta kiti.

Mwongeli alikitazama. Akakigeuza, akaona jina. Akapitisha kidole mahali patasi yangu iliteleza, maana mkono huu siku hizi hauniheshimu. Kisha akakiweka chini katikati ya jukwaa, akavua viatu, akakaa.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wakangoja ainuke. Hakuinuka. Makofi yakapungua, yakaisha, na yeye bado amekaa, miguu yake iliyovimba imenyooka mbele ya hema zima. Profesa ikabidi ainame ili kumpa kipaza sauti.

"Asanteni," Mwongeli akasema. "Wanafunzi wangu nawapenda, na ninyi mnajua. Lakini mimi nimechoka. Nimechoka mpaka naogopa mikono yangu. Barua niliyopeleka sitairudisha. Mkitaka kunipa heshima, mtu mwingine asimame."

Hakuna aliyesogea. Walimu wa mstari wa mbele walitazama magoti yao. Kasiva alikuwa akilia waziwazi. Halafu mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Profesa amesimama!"

Na kweli, hema zima lilikuwa limeketi, isipokuwa yeye. Wanafunzi walilipuka. "Profesa! Profesa!" Walipiga makofi, wakapiga miguu chini. Profesa aligeuka huku na huku akitafuta kiti chake, lakini kilikuwa mbali, na watu wote walikuwa wakimtazama. Amenaswa kwa mtego wake mwenyewe, na mimi sikumhurumia hata kidogo.

Mwongeli alitumia likizo zake zote kumaliza mwezi, akarudi nyumbani, na wodi ikabaki mikononi mwa Profesa. Siku za kwanza alilala tu. Kasiva alimwamsha ale, akala, akalala tena. Alipoanza kuamka mwenyewe alikuja kibandani na kiti chake, akakaa karibu nami akitazama mbuzi.

Alhamisi moja alasiri simu yake ililia. Ilikuwa Profesa. Mwongeli aliiweka kwenye sauti ya juu, labda kwa sababu aliogopa kuisikiliza peke yake. Kabla Profesa hajasalimia vizuri, Mwongeli akauliza, "Yule mtoto wa kitanda cha dirishani, anapumua vipi?"

"Ametoka jana, mzima," Profesa akasema. Sauti ilikuwa imemkauka, sikuitambua. "Wanafunzi wako walinikataza kumgusa kabla sijamtazama akipumua. Walinikataza, mimi! Daktari, tumepata walimu wawili, wanaanza mwezi ujao. Sikupigii urudi. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Huku wodini ulikuwa unakaa wapi? Nimezunguka kote. Hakuna kiti."

Miaka yote ile, na sasa ndiyo anaulizwa.

"Sikuwa nakaa, Profesa."

Nilisikia mtoto akilia huko nyuma yake. Kisha Profesa akakohoa, akasema, "Yule mzee wako. Anaweza kutuchongea viti vya wodi? Tunavihitaji haraka sana."

Mwongeli alinigeukia. Nilikuwa nimeshika tezo, na mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kusema ndiyo, kama unavyosema siku zote. Nikautazama mkono wangu. Nikaweka tezo chini, nikavuta gogo, nikakaa kando ya binti yangu.

"Mwambie anunue dukani," nikasema. "Mwambie fundi amechoka."

Mwaitu akamwambia hivyo hivyo, kisha akakata simu.