Viwango vya Kumlisha Mama

Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka mingi, na mkaguzi hastaafu, hubadilishiwa kituo tu. Kituo changu kipya kilikuwa chumba cha mama yangu, nyumbani kwetu Isevya, baada ya kiharusi kumshika upande mmoja akiwa anapepeta karanga uani. Daktari alimrudisha nyumbani na agizo moja kubwa: ale. Asipokula, alisema, hatutakuwa na la kufanya.

Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Mke wangu anafundisha Bukene na hurudi Jumamosi. Dada zangu wawili wako Dar es Salaam, ambako hutoa ushauri. Ikabidi tuajiri. Mimi, kabla ya kutafuta mtu, nikatafuta karatasi. Niliandika Mwongozo wa Huduma kwa Mgonjwa, kurasa nne, nikaubandika ukutani juu ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi kuuona. Kipengele cha tisa kilisema mgonjwa atazungumzishwa kwa lugha ya staha wakati wote. Dada zangu walikisifu sana kwenye kundi letu la WhatsApp.

Mhudumu wa kwanza alikuwa binti mwenye cheti. Alivaa glavu hata kufungua dirisha, na alimwita mama "mteja". Daftari alilijaza vizuri mno. Katika wilaya yangu yote sikuwahi kuona mwalimu aliyejaza andalio la somo namna ile. Kwenye safu ya chakula aliandika, kwa mwandiko wa kupendeza: amekataa. Vijiko viwili, amekataa. Amekataa. Wiki ya tatu mama alikuwa amebaki mifupa na daftari halikuwa na kosa hata moja.

Ndipo jirani yetu Mgogo alipokuja kumjulia hali. Ni mwanamke wa makamo anayeuza asali, ameishi Isevya tangu aolewe. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokatiza nchi yao na mizigo kuelekea pwani. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kumbe bado upo," alimwambia mama. "Nimefunga biashara yangu nikidhani nakuja kula wali wa msiba."

Binti wa cheti alishika kifua. Mimi nilitazama kipengele cha tisa.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo," jirani aliendelea, akajiketisha kitandani na kuchukua bakuli, "wewe kijiko cha uji kinakushinda. Fungua huo mdomo."

Mama alikuwa hajatamka sentensi nzima tangu atoke hospitali. Aligeuza shingo polepole. "Na nyie," alisema kwa ulimi mzito, "mliwatoza ushuru kwa maji ya tope."

"Basi kunywa uji, huu sikutozi."

Akanywa bakuli zima. Mwisho wa mwezi binti alipata kazi Mwanza, nikamwajiri jirani. Alikuja asubuhi na jioni, akamwogesha mama, akamgeuza, akamtukana, akamlisha. Mashavu ya mama yakaanza kurudi. Mtu mwenye akili angeiacha kazi hiyo iendelee.

Lakini dada yangu mkubwa alipiga simu ya video, akamsikia mhudumu wetu akimuuliza mama atakufa lini ili yeye arithi kanga zake. Kundini kukawaka moto. Yaani tumeajiri mtu amtukane mama? Mimi nilijua kabisa kuwa ule ni utani, na dada yangu pia alijua, ila Dar ilikuwa imemfanya ausahau kidogo. Badala ya kumkumbusha, nilimwita jirani sebuleni kwa mafunzo elekezi. Alisoma kurasa zote nne.

"Mwalimu, una hakika?"

Nikamjibu kuwa viwango ni viwango. Akatia sahihi.

Kesho yake alibisha hodi. Aliingia taratibu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Umeamkaje? Naomba nikusaidie kupata uji."

Mama alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na kalamu. Jirani alipoondoka, mama aliniita.

"Daktari amekwambia nini?"

"Hajasema kitu, mama."

"Usinifiche. Mtani wangu ananiamkia kwa adabu. Nimebakiza siku ngapi?"

Nilimweleza habari za mwongozo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ninaficha jambo. Aliomba mchungaji aitwe. Aligawa kanga zake. Alisema azikwe Kwihara, ubavuni kwa baba, kisha akafumba mdomo, na kwa siku mbili hakikupita humo kitu ila maji kidogo. Niliogopa sana. Nilikuwa ninamuua mama yangu kwa kurasa nne, na zote zilikuwa na mantiki.

Siku ya tatu nilikwenda kwa jirani kuomba matusi. Mtani haombwi bure. Alinitoza jogoo, tena nimnunue sokoni mwenyewe na kumleta tengani, nimembeba kichwani kama babu zangu. Nilipita Isevya nzima na jogoo akiwika juu ya utosi wangu. Walimu wawili niliowahi kuwakagua walinipa shikamoo bila kucheka, na hilo liliniuma zaidi. Jirani alipokea jogoo, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama na kumuuliza kwa nini anachelewesha watu. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akala.

Baada ya mwezi jirani alifiwa na kaka yake, akasafiri kwenda Dodoma kwa siku nne. Mke wangu aliomba ruhusa shuleni, akashika kazi ya kuogesha. Kulisha kulibaki kwangu. Mama aligeukia ukuta. Nikasimama na bakuli, nikakohoa, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. "Wewe mzee, kijiko cha uji..."

"Nyamaza," alisema. "Wewe ni mwanangu. Utajitafutia laana."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Kaa."

Nilikaa kitandani. Tangu augue nilikuwa nimesimama mlangoni, nikikagua. Uji wa kijiko cha kwanza ulimwagika shingoni mwake, nikaupangusa kwa ncha ya shati. Alinitazama usoni, kisha akafungua mdomo. Hakuwa na njaa; ninamjua mama yangu. Alikula kwa kunihurumia, kijiko baada ya kijiko, mpaka bakuli likaisha.