Mume Wangu Alisifiwa kwa Unene Wangu

Miaka ya tisini hatukuwa na mtandao, kwa hivyo hasira hii nimeitunza mpaka leo nimepata pa kuimwaga.

Hedhi ilikuwa imekoma. Daktari hapa Garissa akaniambia nipunguze uzito, magoti yapumue.

Nikaacha sukari. Nikaacha samli. Nikapungua kweli, nguo zikanipwaya.

Ndugu zangu wakaja kutoka Ijara. Kuniona tu, hata salamu hawakumaliza.

"Shemeji, dada yetu unamnyima chakula?"

Nikasema nimejinyima mwenyewe. Nani anamsikiliza mwanamke!

Wakamtoza mume wangu mbuzi wa faini kwa kunitesa. Mbuzi wakamchinja, wakamla wao. Mimi na chai yangu ya rangi, bila sukari.

Mwaka haujaisha, uzito ukarudi wote na nyongeza juu. Chakula kilikuwa kilekile kidogo! Muuguzi akanieleza kwamba homoni zikishuka umri huu, mwili uliofunzwa njaa hung'ang'ania mafuta. Nililia, wallahi.

Ndugu zangu wakarudi. Wakanitazama, wakachangamka, wakaenda kumpa mume wangu mkono.

"Mashallah, shemeji! Sasa unamlisha."

Na yule bwana, asiyejua hata chumvi inakaa wapi, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Alhamdulillahi. Najitahidi."

Anajitahidi!

Nyinyi mngenyamaza? Semeni ukweli.

Mimi nilingoja wageni waondoke. Mume wangu akaketi mkekani, akauliza chakula kiko wapi.

Nikamwambia, "Jitahidi."